Nchi Jirani: Moshi Hauonyeshi Pasi Mpakani

Katika mazungumzo haya juu ya nchi jirani tumezoea kueleza habari za mipaka inayopitwa na watu, mifugo, bidhaa na magendo. Leo tutaeleza habari za kitu ambacho huvuka mpaka usiku na mchana, hakisimami kizuizini, hakikaguliwi, wala hakiwezi kutiwa pingu. Kitu hicho ni hewa chafu. Mfano wetu tutautoa mpakani mwa Marekani na Mexico, ambako mji wa El Paso, katika jimbo la Texas, na mji wa Ciudad Juárez, katika jimbo la Chihuahua, imetenganishwa na mto, lakini wakazi wake wanavuta hewa moja.

Swali tutakalolichunguza ni hili. Sheria ya nchi inauagiza mji uiweke hewa yake chini ya kiwango fulani cha uchafu. Sehemu ya uchafu huo inatoka nchi ya pili, ambayo haitawaliwi na sheria hiyo. Je, mji huo ulaumiwe, usamehewe, au ufanye nini? Swali hili si la wanasheria peke yao. Linamhusu kila mtu mwenye mapafu, na kwa namna ya pekee linamhusu askari, ambaye kazi yake humweka nje juani, akikimbia, akiongoza magari au akilinda lango.

Yafaa kwanza tuifahamu nchi yenyewe. El Paso na Juárez zimejengwa jangwani, mahali ambapo mto Rio Grande, ambao Wamexico huuita Río Bravo, unapita katika pengo baina ya milima ya Franklin upande wa kaskazini na milima ya Sierra de Juárez upande wa kusini. Mahali hapo pana kimo cha zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu za watu za mwaka 2020, Juárez ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.5, na El Paso ilikuwa na watu karibu 680,000. Jirani yao wa tatu ni mji mdogo wa Sunland Park, ulioko katika jimbo la New Mexico, pale mipaka ya majimbo hayo mawili ya Marekani inapokutana na mpaka wa Mexico. Majimbo matatu na mataifa mawili yanakutana katika bonde moja.

Mataifa hayo mawili yanajua vizuri taabu ya mpaka usiotulia. Katika karne ya 19 mto ule ulihama taratibu kuelekea kusini, ukaacha upande wa Marekani kipande cha ardhi kilichokuwa cha Mexico, mahali panapoitwa Chamizal. Mabishano juu ya kipande hicho yaliendelea kwa muda wa miaka mia hivi. Yalimalizwa kwa mkataba wa mwaka 1963, uliokubaliwa katika wakati wa Rais Kennedy na Rais López Mateos, na mwaka 1968 mto ukaingizwa katika mfereji wa saruji ili usihame tena. Hivyo mto uliweza kufungwa. Upepo unaopita juu ya mto huo haukuweza kufungwa, na hakuna saruji iwezayo kuufunga.

Sasa tuitazame ozoni yenyewe. Ozoni ni gesi. Oksijeni tunayoivuta ina atomu mbili zilizoungana. Ozoni ina atomu tatu. Kuna ozoni iliyoko juu sana angani, kilometa nyingi kutoka ardhini, ambayo hutukinga na miale mikali ya jua. Hiyo ndiyo iliyotetewa na Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987. Lakini ozoni inayokaa chini, katika kimo cha pua zetu, ni sumu. Gesi ni ile ile. Tofauti ni mahali inapokaa. Iliyo juu ni ngao, iliyo chini ni adui.

Ozoni ya chini haitoki moja kwa moja katika bomba la gari wala katika dohani la kiwanda. Hupikwa hewani. Viungo vyake ni viwili. Cha kwanza ni oksidi za naitrojeni, zitokazo katika injini za magari, mitambo ya umeme na matanuru. Cha pili ni mivuke ya petroli, rangi, viyeyusho na taka zinazochomwa. Moto wa kupikia ni jua. Kadiri jua linavyokuwa kali na upepo unavyokuwa mdogo, ndivyo ozoni inavyozidi. Kwa sababu hiyo asubuhi huwa ni kidogo, hupanda kuanzia saa sita mchana, hufikia kilele chake alasiri, kisha hushuka jua linapotua. Siku mbaya ni zile za kiangazi ambazo mbingu ni nyeupe na hakuna hata jani linalotikisika.

Jambo hilo la kupikwa ndilo linaloleta utata wote wa kisheria. Viungo vyaweza kutoka mahali pamoja asubuhi, vikachukuliwa na upepo, na ozoni ikazaliwa mahali pengine alasiri. Karibu na barabara yenye magari mengi, moshi mpya hata huweza kuila ozoni na kuipunguza, lakini kilometa kadhaa mbele, upande unaoelekea upepo, ozoni huwa nyingi zaidi. Hivyo mji mdogo usio na viwanda vingi, kama Sunland Park, waweza kuonekana mchafu kuliko mji mkubwa uliotoa moshi. Mashine ya kupimia hewa huhesabu ozoni iliyoko mbele yake tu. Haiwezi kusema ozoni hii ni ya Texas, hii ni ya New Mexico, na hii ni ya Chihuahua.

Ndugu msikilizaji, huenda ukauliza, madhara yake ni nini? Ozoni huunguza ngozi laini ya ndani ya mapafu, kama jua linavyounguza ngozi ya mgongo. Mtu hukohoa, kifua hubana, pumzi huwa fupi. Mwenye pumu huweza kushikwa vibaya. Watoto, wazee na wafanyao kazi za sulubu nje ndio wanaoathirika zaidi. Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika moja. Akikimbia kwa nguvu huweza kuvuta zaidi ya lita 60. Maana yake ni kwamba kijana mwenye afya anayekimbia na mzigo mgongoni saa tisa alasiri anaweza kuingiza sumu mara nyingi kuliko mzee aliyeketi barazani. Kitambaa puani hakisaidii, kwa sababu ozoni ni gesi, si vumbi. Kinga iliyo bora ni kupanga mazoezi mazito mapema asubuhi. Kambi kubwa ya jeshi la Marekani ya Fort Bliss iko hapo hapo El Paso, na askari wake wanavuta hewa ile ile ya bonde.

Sasa tuingie katika sheria. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 iliagiza kwamba viwango vya hewa viwekwe kwa ajili ya nchi nzima, na kila jimbo lieleze litavifikia vipi. Mwaka 1979 kiwango cha ozoni kiliwekwa kuwa sehemu 120 katika kila sehemu bilioni moja za hewa, kwa kipimo cha saa moja. Baadaye kipimo kikawa cha wastani wa saa nane, na kiwango kikaendelea kukazwa: sehemu 80 mwaka 1997, sehemu 75 mwaka 2008, na sehemu 70 mwaka 2015. Hesabu yenyewe haifanywi kwa siku moja. Katika kila mwaka huchukuliwa siku ya nne kwa ubaya, kisha hutafutwa wastani wa miaka mitatu. Wastani huo ukipita kiwango, eneo hutangazwa kuwa halikutimiza.

Kutangazwa hivyo si aibu tu. Eneo huwekwa katika daraja, kuanzia la chini hadi la hatari kabisa, na hupewa tarehe ya mwisho ya kujirekebisha. Tarehe ikipita bila mafanikio, hupandishwa daraja, na masharti huongezeka. Kiwanda kipya hakiruhusiwi mpaka uchafu wake ufidiwe kwa kupunguza uchafu mahali pengine. Fedha za barabara zaweza kuzuiwa. Kwa hiyo namba inayosomwa katika mashine ndogo ya kupimia hewa inaweza kuamua kama kiwanda kitajengwa na kama vijana watapata kazi.

El Paso iliingia katika masharti hayo mapema. Sheria hiyo iliporekebishwa mwaka 1990, mji huo uliwekwa miongoni mwa maeneo yenye ozoni mbaya. Lakini katika marekebisho yale yale kiliongezwa kifungu cha maeneo ya mpakani. Kifungu hicho chasema kwamba jimbo likithibitisha kuwa eneo lake lingetimiza kiwango kwa tarehe iliyowekwa kama si uchafu utokao nchi ya nje, basi eneo hilo halitapandishwa daraja kwa kosa hilo. Texas ilikitumia kifungu hicho kwa ajili ya El Paso, na hoja yake ikakubaliwa.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Kifungu hicho hakisemi kwamba hewa ni safi. Hakibadilishi namba iliyosomwa katika mashine. Hakilisamehi jimbo wajibu wa kufanya yaliyo katika uwezo wake ndani ya mipaka yake. Kinasema tu kwamba mtu asiadhibiwe kwa kosa la jirani. Kisheria jambo hilo lina haki yake. Lakini mtoto mwenye pumu wa El Paso hapati nafuu kwa sababu wakili ameshinda. Karatasi imetimiza, kifua hakijatimiza.

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibuni, nao unaonyesha jinsi mpaka, hata ule wa ndani ya nchi, unavyoweza kuikata hewa vipande vipande. Kilipoanza kutumika kiwango cha mwaka 2015, Sunland Park ilitangazwa mwaka 2018 kuwa haikutimiza, lakini El Paso, mji mkubwa uliopakana nayo, ikaachwa nje ya eneo hilo. Walalamikaji walikwenda mahakamani wakiuliza kwa nini mji mdogo uhukumiwe na mkubwa uachwe, hali bonde ni moja. Mwezi wa Novemba 2021 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliipanua mipaka ya eneo hilo, likaiingiza na El Paso. Texas nayo ikaenda mahakamani. Mwezi wa Juni 2023 Mahakama ya Rufani iliufuta uamuzi huo, kwa sababu ulikuwa umefanywa uanze kuhesabiwa tangu mwaka 2018, na tarehe ya mwisho ya kujirekebisha, yaani Agosti 2021, ilikuwa imekwisha kupita hata kabla El Paso haijaambiwa kwamba imo. Mahakama ililaumu kuhukumu kwa kurudi nyuma. Haikusema kwamba hewa ya bonde lile ni safi.

Je, moshi wenyewe ni wa nani? Ni rahisi kwa mtu wa kaskazini kunyoosha kidole ng'ambo ya mto na kusema, "Ni wao." Ni kweli kwamba Juárez ina watu zaidi ya mara mbili ya wale wa El Paso, na kwamba kwa miaka mingi mafundi wa matofali katika vitongoji vyake walichoma matanuru kwa mabaki ya mbao, mipira ya magari na takataka, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua fueli bora. Ni kweli pia kwamba magari mengi ya Juárez ni makuukuu. Lakini tuulize zaidi. Magari hayo makuukuu yalitoka wapi? Mengi yalitumika kwanza Marekani, yakachakaa huko, kisha yakauzwa kusini. Viwanda vya kuunganisha vifaa vilivyoko Juárez, ambavyo viliongezeka baada ya mpango wa viwanda vya mpakani wa mwaka 1965, vingi ni vya makampuni ya Marekani, na bidhaa zake huuzwa Marekani. Na upepo haukuapa kuvuma upande mmoja tu. Ziko siku unapovuma kutoka kaskazini, na watu wa Juárez ndio wanaopokea moshi wa El Paso. Basi jirani anayelalamikiwa leo, kesho ndiye mlalamikaji.

Kuna na moshi wa mpaka wenyewe. Kila siku maelfu ya magari na malori husubiri juu ya madaraja yanayounganisha miji hiyo miwili, injini zikinguruma bila kwenda. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, mwaka 2001, ukaguzi ulikazwa na misururu ikawa mirefu zaidi. Ukaguzi ni lazima. Hakuna askari atakayebisha. Lakini saa moja ya kusubiri ina gharama ambayo haiandikwi katika daftari la forodha, na anayeilipa wa kwanza ni ofisa anayesimama katika lango lile kwa zamu nzima, pamoja na mchuuzi apitaye baina ya magari. Namna ya kukagua upesi bila kulegeza ulinzi ni sehemu ya ulinzi wa afya.

Wenyeji wa bonde hilo waligundua polepole kwamba mashitaka hayatoshi. Mwezi wa Agosti 1983, katika mji wa La Paz nchini Mexico, Rais Reagan na Rais de la Madrid walitia sahihi mapatano ya kulinda mazingira ya mpakani, katika ukanda wa kilometa 100 kila upande. Mwaka 1989 mapatano hayo yaliongezewa sehemu inayohusu hewa ya miji. Na mwaka 1996 ikaundwa kamati ya pamoja ya ushauri kwa ajili ya hewa ya Juárez, El Paso na wilaya ya Doña Ana katika New Mexico, yenye wajumbe wa pande zote mbili: maofisa wa serikali, wataalamu, wafanya biashara na raia wa kawaida. Kamati hiyo haina mamlaka ya kutoza faini. Nguvu yake ni kwamba watu wa bonde moja wanaketi katika meza moja, wanasoma vipimo vile vile, na kukubaliana ni nini kifanyike kwanza.

Matunda ya njia hiyo yanafaa kutazamwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu kimojawapo cha New Mexico walibuni tanuru la matofali la vyumba viwili, ambalo moshi wa chumba kinachowaka hupitishwa katika matofali mabichi ya chumba cha pili, hata ukapungua sana, na fueli ikatumika kidogo. Texas ilikubali kwamba kampuni ya umeme ya El Paso igharimie matanuru kama hayo upande wa Juárez, na upungufu wa uchafu utakaopatikana uhesabiwe kuwa ni wake. Huenda mtu akashangaa: kampuni ya Marekani kujenga matanuru ya mafundi wadogo wa Mexico? Lakini hesabu ilikuwa wazi. Kupunguza moshi wa tanuru la ng'ambo kulikuwa rahisi kuliko kupunguza moshi kidogo uliobaki katika mtambo wa kisasa, na mapafu yaliyopata nafuu yalikuwa ya pande zote mbili.

Kanuni ya haki katika mambo haya si ngeni. Kiwanda cha kuyeyushia madini cha Trail, nchini Kanada, kiliharibu kwa moshi wake mashamba ya wakulima wa jimbo la Washington, nchini Marekani. Baraza la usuluhishi liliamua mwaka 1941 kwamba hakuna dola yenye haki ya kuitumia ardhi yake kwa namna ambayo moshi wake utaleta madhara makubwa katika ardhi ya dola nyingine. Lakini pale palikuwa na dohani moja na mashamba yanayojulikana. Ozoni haina dohani. Ina maelfu ya magari, matanuru, vituo vya petroli na viwanda, vya pande zote mbili, chini ya jua moja. Ndiyo sababu hukumu iliyofaa Trail haitoshi El Paso.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo sababu ya kulifikiri jambo hili. Mwaka 2008 wajumbe wa serikali za eneo letu walikutana Nairobi, wakakubaliana juu ya msingi wa ushirikiano katika kupambana na uchafuzi wa hewa. Malori yanayosubiri katika vituo vya mpakani, kama Namanga na Tunduma, hayana tofauti na yale yanayosubiri juu ya madaraja ya Rio Grande, na askari wa zamu anavuta moshi ule ule. Vituo vya ukaguzi wa pamoja, ambamo maofisa wa nchi mbili hulikagua gari mara moja badala ya mara mbili, vilianzishwa kwa ajili ya biashara. Lakini kila dakika inayopunguzwa katika foleni ni moshi uliopunguzwa katika kifua cha mtu.

Ndugu msikilizaji askari, bonde la El Paso na Juárez linatufundisha mambo matatu. Kwanza, kiwango cha hewa ni kipimo cha afya kabla ya kuwa kipimo cha sheria. Mwenye kushinda kesi na kuendelea kukohoa hakushinda. Pili, udhuru wa moshi wa jirani ni wa haki pale tu ambapo mwenye udhuru amekwisha kuzima wa kwake. Tatu, mpaka wa nchi hulindwa kwa bunduki na kwa sheria, lakini mpaka wa hewa hulindwa kwa ujirani, kwa vipimo vya kweli, na kwa kazi inayofanywa pande zote mbili. Askari anajua kwamba lindo moja likilala, kambi nzima imo hatarini. Katika ulinzi wa hewa, lindo la pili liko ng'ambo ya mpaka, na anayelishika ni jirani yetu.